Kaka aliyenisomesha ameniaibisha matangani

Shangazi, vipi? Ni saa kumi alfajiri, usingizi umenikataa, na saa mbili natakiwa niwe nimefungua kliniki.

Unajua mambo ya huku kwetu. Msichana akisomeshwa, amesomeshewa ukoo mzima. Sikatai. Kaka yangu mkubwa aliuza fahali wa marehemu baba nikaingia chuo cha uuguzi, na habari za huyo fahali nimezisikia kila harusi na kila matanga. Lakini kusimama chini ya hema mbele ya wazee na kusema, "Tulimsomesha atibu watu, sasa anawauzia uhai"! Mimi nauza uhai?

Kisa chenyewe ni kidogo. Wifi alinigongea usiku, mtoto anachemka. Huku Ahero mashamba ya mpunga yakijaa maji, malaria haikuulizi wewe ni mtoto wa nani. Nikamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha mistari miwili, nikampa dozi ya kwanza ya AL, ile dawa ya malaria. Akaitapika yote kwenye leso ya mamake. Nikampa nyingine. Nilikaa naye hadi joto likashuka. Wifi mwenyewe akasema, "Andika, baba yao atatuma." Nikaandika.

Mwisho wa mwezi msichana wa mapokezi akawatumia ujumbe wote walio kwenye kitabu cha madeni. Namba iliyokuwa pale ni ya kaka. "Mpendwa mteja, tafadhali unakumbushwa..." Basi! Eti nimemwita mteja. Shangazi, ujumbe ulikuwa na adabu, hata "tafadhali" ilikuwepo. Msichana angejuaje kwamba mteja huyu ana fahali?

Anasema dawa ya malaria kwa serikali ni bure. Ni bure kweli, siku ikiwepo. Mimi kwa muuzaji wa jumla kule Kisumu sipewi bure. Kuna kodi ya chumba, mshahara wa kijana wa maabara, leseni yangu ya Baraza la Wauguzi, leseni ya kliniki kutoka KMPDC, lile baraza la madaktari, kila mwaka, na hata boksi la sindano zilizotumika nalipia ndipo lichomwe. Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani ya NHIF, Oktoba 2024, watu huja wakiniambia wamejisajili, nami mkataba wa bima bado sina, kwa hivyo ni pesa taslimu au ni kile kitabu. Nusu ya kitabu ni jamaa zangu. Nani anauza uhai hapo?

Wengine wananiambia ningebaki kwenye ajira. Ilikuwa kandarasi, ikiisha unaomba tena kama mgeni. Hapa angalau nikizalisha mama anajua jina langu.

Kaka sina haja naye. Sitaki kitu chake hata kimoja, na asinipigie simu. Kinachoniuma ni mama. Nilikuwa nampima presha kila Jumapili, sasa akiniona na mashine anasema ameshapona, na ninajua maneno hayo ametoa kwa nani. Presha haiponi hivyo, Shangazi.

Halafu kuna hili la kiploti. Mwenye nyumba anataka vyumba vyake, nami nilikuwa nimepanga kujenga kwenye kile kipande cha baba kilicho kando ya barabara. Mchoraji wa ramani nimeshamlipa. Hati bado ina jina la baba, mirathi anaisimamia kaka, na bila yeye kukubali siwezi kuweka hata tofali. Sheria naijua, binti anarithi sawa na mwana. Lakini nikimpeleka kortini mtu aliyeuza fahali kwa ajili yangu, nitakanyaga tena boma lile? Na wale wazee watasema alikuwa sahihi, kwamba kwangu kila kitu ni pesa.

Deni lile nimelifuta, ingawa hajui, na sitamwambia, asije akafikiri nimeogopa. Mbele za watu alinitukana, mbele za watu aniondolee. Au aniite tu pembeni, nitaelewa.

Kikao cha familia ni mwezi ujao. Nilitaje suala la ardhi siku hiyo, au nipitie kwa mjomba kwanza? Usiniambie nimwombe msamaha. Ila ukiona hakuna njia nyingine, niambie nianze na neno gani.

Muuguzi, Ahero