Uacheni Huo Mkono wa Pili

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mkoani, Pemba, wazima, bibi yako anakusalimu.

Video ya roboti yenu nimeitazama mpaka mama yako akachukia. Nimefurahi sana. Lakini uliposema mnataka kuifungia mkono wa pili, na mashindano ndiyo hayo yanagonga mlango, nikaona nikuandikie, maana kwa simu ungenikatiza.

Uacheni huo mkono. Kwa kanuni za FIRST Tech Challenge, hayo mashindano yenu ya roboti, ulizonitumia, mchezo ni dakika mbili na nusu: sekunde 30 roboti inajiendesha kwa programu, kisha dakika 2 mnaiongoza nyinyi. Muda mfupi hivyo, mkono mmoja unaookota kila mara unashinda miwili inayookota ikipenda.

Shughulikeni na huku kuzimika. Ulisema roboti inazima inapogeuka kwa kasi, na wenzako wanailaumu programu. Mimi nashuku betri. Mmeipima imekaa tu, ikasoma volti 12 na zaidi, mkaridhika. Ipimeni mota zote zikivuta! Wewe umezaliwa umeme wa Tanga ushafika Pemba kwa waya wa chini ya bahari, mwaka 2010. Hukuziona zama zetu za majenereta, taa zikififia kila mzigo mkubwa ukiwashwa. Ni yale yale. Mota zikianza kwa pamoja volti inashuka, na bodi inayoongoza inajizima, ikawaka upya. Itazameni na plagi ya betri. Hewa yetu ya chumvi inakula shaba. Plagi ikiota ukijani, au ikiwa ya moto baada ya mchezo, ikateni mfunge mpya.

Nati nazo zinalegea kwa mtetemeko; hilo nimelijua kwenye mashine za boti kabla hujazaliwa. Tumieni zenye nailoni ndani. Na waya unaopanda na mkono uachiwe ulegevu, kisha ufungwe karibu na plagi, plagi isije ikabeba mvuto wote.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni sakafu. Mnafanya mazoezi juu ya saruji ya darasa, na uwanja wenyewe, futi 12 kwa 12, umetandikwa mikeka ya sponji. Gurudumu halishiki sawasawa. Zile sekunde 30 za mwanzo, kama programu inahesabu mizunguko ya gurudumu tu, roboti itapotea njia mbele za watu. Hapo mjini judo inachezwa. Kaombeni mikeka yao hata kwa jioni moja. Si ile ile, lakini bora kuliko saruji. Na kamera yenu inayosoma rangi ijaribuni dirisha likiwa wazi, kisha usiku kwa taa, muone kama bado inajua nyekundu ni ipi.

Mnagombana nani aendeshe. Asipewe mtu kwa kuwa ndiye aliyeijenga. Mpeni mwenye mkono mtulivu, hata akiwa yule mdogo wenu mnayemtuma maji.

(Mama yako anasema niache mambo ya vyuma, nikuulize unakula nini. Haya, unakula nini?)

Mjomba wako anavuka na boti Jumamosi. Nimempa pakiti ya nati na ile mita yangu ya kupimia volti. Nati ni zenu. Mita irudi.

Wasalaam,
Baba yako