Chungwa lisihukumiwe kwa kosa la sukari

Mhariri,

Katika mkutano wa afya uliofanyika mtaani kwetu Kondele, Kisumu, mtoa mada alituambia kwamba sukari ni sukari tu, iwe ya chungwa au ya soda, na tangu siku hiyo jirani yangu mwenye kisukari amewakataza hata wajukuu wake mapera ya mti ulioko uani. Naomba nafasi nieleze kwa nini kauli hiyo inapotosha.

Nenda Soko la Kibuye utazame juisi inavyotengenezwa. Machungwa manne hukamuliwa, maji yake huchujwa, vijiko viwili vya sukari huongezwa, na makapi hutupwa kwenye ndoo ya mbuzi. Mnywaji humaliza glasi hiyo kabla matatu yake haijajaa, ilhali angeyala machungwa yenyewe pengine angeshiba kwa mawili. Mbuzi, kwa maoni yangu, ndiye anayepata sehemu bora.

Makapi hayo yamejaa nyuzinyuzi, zikiwemo za aina ya pektini, ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzimeng'enya. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wa humo huzichachua na kutoa asidi kadhaa, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ni chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo na husaidia kutuliza inflamesheni, yaani ule uvimbe wa ndani ambao mwili huuanzisha unapojihami. Sukari ya kuongezwa haina cha kuwapa bakteria hao. Hufyonzwa upesi katika utumbo mwembamba, na ikizidi, mzigo huliangukia ini.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, liliiweka sukari ya juisi na ya asali katika kundi moja na ile ya kuongezwa, likataka zote kwa jumla zisifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, takriban gramu 50 kwa mtu mzima. Tunda zima halimo katika hesabu hiyo. Chupa moja ya soda ya nusu lita inaweza kuimaliza.

Mwenye kisukari hana budi kupima kiasi cha matunda anachokula, kwa ushauri wa daktari wake, lakini kupima si kususia. Kwa jirani yangu mapera yanaendelea kuangukia uani na kuoza, na wageni wakija wajukuu wanatumwa dukani kununua soda.

Msomaji wako,
Kondele, Kisumu