Wakazi wa Kibera si wavamizi, waliwekwa hapa na jeshi

Mhariri,

Kila mara mjadala wa barabara au makazi mapya unapoifikia Kibera, hawakosekani wanaotuita wavamizi wa ardhi ya serikali. Wanasahau kwamba wakazi wa kwanza wa mtaa huu waliwekwa hapa na serikali yenyewe, enzi za ukoloni.

Hao walikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, wenye asili ya Sudan, ambao vizazi vyao ndio Wanubi wa leo. Waliruhusiwa kujenga, kulima na kufuga katika eneo lililokuwa msitu pembezoni mwa Nairobi, na mwaka wa 1918 eneo hilo, lenye ukubwa wa zaidi ya ekari 4,000, likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Walichopewa askari hao wastaafu, hata hivyo, kilikuwa kibali cha kukaa wala si hati ya kumiliki, hivi kwamba jeshi lilipokabidhi eneo hilo kwa utawala wa kiraia mwaka wa 1928, wajane na watoto wao walianza kuhesabiwa kuwa watu wanaoishi kwa hisani ya Mfalme wa Uingereza, wanaoweza kuondolewa wakati wowote.

Baada ya uhuru ardhi hiyo iliendelea kumegwa. Mitaa kama Jamhuri na Ngei ilijengwa juu yake, na sijasikia wenye nyumba wa huko wakiitwa wavamizi. Wanubi walisubiri hadi mwaka wa 2017 ndipo wakapewa hati ya jamii ya ekari 288, yaani chini ya sehemu moja kwa kumi ya hifadhi ile ya awali.

Mimi si Mnubi. Ni mpangaji, kama walivyo wakazi wengi wa Kibera, na madai yangu kwa serikali ni ya maji na makazi bora, si ya urithi wa askari. Mambo haya mawili yasichanganywe, ingawa wanasiasa wetu hupenda kuyachanganya kura zinapokaribia.

Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa hapa ili kupisha barabara. Kabla ya mradi mwingine kuanza, naziomba Wizara ya Ardhi na Makavazi ya Kitaifa zishirikiane na wazee wa Makina, kijiji cha Wanubi humu Kibera, kuorodhesha makaburi na nyumba za kale zilizosalia, na orodha hiyo iambatishwe kwenye ramani za wahandisi.

Mpangaji,
Kibera, Nairobi