Malalamiko Kuhusu Ziara ya Kasri na Mahekalu ya Kutch

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja wa Safari,

KUH: KUREJESHEWA FEDHA ZA ZIARA YA KUTCH

Bwana Meneja,

Mimi na mama yangu tulikuwa katika kundi mlilolipeleka Kutch, Gujarat, India, mwezi uliopita. Mlituahidi kwa maandishi kasri tatu na mahekalu mawili. Tulichokiona hasa ni maduka.

Siku ya mji wa Bhuj ndiyo iliyoniuma zaidi. Asubuhi yote iliishia kwenye duka la shali, na tulipofika hekalu la Swaminarayan ilikuwa saa sita na nusu, milango ya ndani imefungwa. Mahekalu kama hilo hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri, na kiongozi wa watalii anapaswa kulijua hilo. Mama ana miaka 71. Alikwisha kuvua viatu, akasimama juu ya marumaru iliyochomwa na jua, akiinua mguu huu, akiushusha, akiinua ule. Hekalu la zamani liliharibiwa na tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, na hili jipya likafunguliwa mwaka 2010. Jirani zetu wenye asili ya Bhuj walimwomba akirudi awasimulie lilivyo ndani. Amerudi hana la kuwasimulia.

Kisha kasri ya Aina Mahal. Kiongozi wenu alitunyoshea kidole mnara wa saa wa kasri nyingine, Prag Mahal, akasema "ndiyo hiyo", tukarudishwa garini. Siyo hiyo! Prag Mahal ilianza kujengwa 1865. Aina Mahal iko ubavuni mwake, ni ya karne ya 18, ya Rao (mtawala wa Kutch) Lakhpatji, na fundi wake ni Ram Singh Malam, baharia aliyejifunza Uholanzi kazi ya vioo na vigae. "Malam" ni neno moja na neno letu "mwalimu": ndiye aliyejua kukiongoza chombo. Humo mna ukumbi ambao Rao aliketi katikati, maji yamemzunguka, ili apate ubaridi. Nilidunduliza miaka mitatu nikauone ukumbi huo.

Katika mji wa bandari wa Mandvi, kasri ya Vijay Vilas tulipewa dakika ishirini. Babu yangu alikuwa mpakuzi Bandari ya Kale, na majahazi ya Mandvi yakija na kaskazi ndiyo yaliyomlisha yeye na wanawe. Nilimsihi dereva asimame kidogo tu kando ya mto Rukmavati, ambako vyombo vya mbao vinaundwa hadi leo. Alijibu kwamba kuna duka linatungoja.

Nadai mturejeshee nusu ya nauli ya ziara, mimi na mama, na mama aombwe radhi kwa maandishi. Risiti na ratiba yenu nimeviambatisha. Nangoja jibu ndani ya siku 14. Nikilikosa, nitayapeleka malalamiko haya kwa mamlaka inayosimamia leseni za utalii.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu