Shukrani kwa dada wa benchi la kliniki

Dada yangu, sikukuuliza jina. Uliketi karibu nami kliniki, ukauona mkono wangu wa kushoto ulivyovimba baada ya upasuaji wa saratani ya titi, nilipotolewa tezi za kwapani. Nilikuwa nimeufunika kwa kanga hadi vidoleni, kwa aibu.

Ukasema kazi yako ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na kukanda. Mimi nilidhani kukanda ni kukamua kwa nguvu. Wewe ulianzia shingoni, ukaenda kwapa la kulia, upande usio na ugonjwa, ndipo ukashuka mkononi, kwa mguso mwepesi kama unampapasa mtoto mchanga. Ukanieleza kwamba limfu, yale majimaji ya mwilini yanayopita kwenye tezi hizo, haina moyo wa kuisukuma. Huendeshwa na misuli na pumzi, na njia ikikatika huelekezwa kwingine. Ukanifundisha kufunga bendeji, ukanionya: ngozi ikiwa nyekundu na homa ikipanda, usikande, wahi kwa daktari.

Uvimbe haujaisha, lakini umepungua sana. Usiku nalala, mkono hauniwii mzito tena. Juzi nimemsuka binti yangu kwa mikono yote miwili, nikalia. Ahsante sana, dada. Mungu akulipe.