Kabla hamjalipa studio

Lubumbashi, Katuba

Yaya wangu mpenzi,

Jambo sana, na salamu nyingi kwa mama na watoto wote huko Likasi. Sisi tuko wazima, umeme tu ndio unatuhangaisha.

Nyimbo za kwaya yenu mlizonitumia, zile za kujaribu studio, nimezisikiliza, nikazirudia. Sauti za akina mama zimenyooka, kinanda hakina kosa. Lakini yaya, sisikii watu. Nasikia waimbaji waliofungiwa chumbani, kila mtu na maikrofoni yake. Kanisa lenu, ambalo likiitika "Amina" hata mabati yanatetemeka, limeachwa nje.

Nakuomba, kabla hamjalipa pesa ya albamu nzima, kaeni na kwaya msikilize albamu Amazing Grace ya mwimbaji wa Marekani, Aretha Franklin, yote, toka mwanzo. Januari 1972 alikuwa na miaka 29, Marekani wanamwita malkia wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, na studio yoyote ingemfungulia mlango. Yeye akaenda kanisani, New Temple Missionary Baptist Church, Los Angeles, jengo lililokuwa zamani ukumbi wa sinema. Akaimba usiku mbili mbele ya waumini, na Mchungaji James Cleveland akaongoza pamoja na kwaya yake. Wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 11. Analivuta neno moja, analizungusha, mpaka watu wanashindwa kunyamaza. Wanamwitikia, naye akiitikiwa anapanda juu zaidi. Zile kelele hazikufutwa. Kwangu mimi, ndizo nusu ya albamu. Na watu waliipokea: Marekani peke yake zilipita nakala milioni 2, na hakuna albamu yake nyingine iliyouzwa kama hiyo, ingawa nyimbo za mapenzi ndizo zilizompa jina.

Unasema wazee wanakataa gitaa kwa sababu ni muziki wa dunia. Waambie kwa heshima kwamba Aretha aliingia kanisani mle na wapigaji wake wa siku zote, Bernard Purdie kwenye ngoma, Chuck Rainey kwenye besi, Cornell Dupree kwenye gitaa. Alichukua hata wimbo wa dunia wa Carole King, "You've Got a Friend", akauunganisha na wimbo wa kanisa, "Precious Lord". Baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, alisimama usiku wa pili akawaambia watu kwamba binti yake hakuwahi kuliacha kanisa. Mchungaji na mzazi ndiye aliyesema hivyo, si muuza santuri.

Wakijibu kwamba hayo ni ya Wamarekani, wakumbushe Kamina, hapa kwetu Kongo. Missa Luba, ile misa ya kuimbwa, ilitoka huko, kwa vijana na walimu wa Padri Guido Haazen, maneno ya Kilatini juu ya uimbaji wa Kiluba, ngoma zikipigwa, bila karatasi ya noti. Mwaka 1958 walifika Ulaya wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Miaka kumi baadaye Sanctus yao, yaani "Mtakatifu", ikasikika katika filamu ya Uingereza, If...., na watu wasioijua Kamina kabisa wakaitafuta santuri. Hilo linanipa furaha kila nikilifikiria, kwani ni watu wetu.

Kwa hiyo, kodini vyombo vije kanisani. Rekodini jioni, msimu wa kiangazi, mvua isije ikapiga juu ya mabati, na jenereta iwekwe mbali, nyuma ya ukuta. Wapeni waumini maikrofoni zao, zisiwe za kwaya tu. Na kijana wa kamera apige makofi mara moja mbele ya kamera kabla ya kila wimbo. Filamu ya zile usiku mbili za Aretha ilitoka 2018 tu, na sababu moja kubwa ni kwamba picha na sauti hazikuwekewa alama ya kuzioanisha.

Niandikie wazee watakavyosema. Mkipanga siku, nitapanda basi nije kuitikia na wengine.

Mdogo wako