Mzaha darasani ubebe somo

Mhariri,

Wahadhiri huhimizwa kuchangamsha darasa kwa mizaha, lakini ni nadra kuelekezwa mzaha ukae wapi. Hapo ndipo mambo huharibika. Kichekesho cha kufungulia kipindi, kisichohusiana na mada, huwaamsha wanafunzi kwa dakika mbili, nao hutoka wakikumbuka kichekesho na kusahau mada.

Mwaka 1988 mwanasaikolojia Avner Ziv alichapisha matokeo ya majaribio yake ya chuo kikuu. Katika kozi ya takwimu ya muhula mmoja, waliofundishwa kwa mizaha inayohusu somo walipata alama za juu zaidi kwenye mtihani wa mwisho kuliko waliofundishwa bila mizaha. Mizaha yenyewe ilikuwa michache kwa kila kipindi. Utaratibu ulikuwa huu: dhana kwanza, mzaha unafuata, kisha dhana inarudiwa kwa maneno mengine.

Chukua wastani na mtawanyiko. Eleza kwanza kwamba wastani hauonyeshi namba zilivyotawanyika. Ndipo umlete mtakwimu asiyejua kuogelea, aliyeambiwa mto una kina cha wastani cha mita 1, akaingia, akazama. Wakicheka, nyamaza sekunde mbili tatu. Ukiongea wakati bado wanacheka, walio nyuma wanakosa sentensi muhimu kuliko zote. Halafu uliza: angepaswa kuulizia kipimo gani kingine kabla ya kuvuka? Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na inaumiza kuiona ikirukwa, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe.

Kabila, umbo, jinsia, dini na jibu baya la mwanafunzi visiguswe kabisa. Aliyechekwa mara moja haulizi swali tena, na wenzake waliomwona hunyamaza naye. Mizaha ya maneno yenye maana mbili huwaacha wanaosoma kwa lugha ya pili au ya tatu. Tukio linaloweza kuchorwa ubaoni huwafikia wengi zaidi. Asiye na kipaji cha kuchekesha atumie katuni, inatosha. Kwenye mtihani, mizaha iachwe: mwenye hofu huisoma mara tatu akitafuta mtego.

Wiki inayofuata, waombe waandike dhana ile kwa sentensi mbili. Wakisimulia mto na mtakwimu bila kugusa mtawanyiko, ufute mzaha huo kwenye maandalizi yako, hata kama ukumbi mzima ulivunjika mbavu.

Mhadhiri wa takwimu